Elimu ya fedha kwa vijana wa sekondari na watu wazima: vikao sita nivipange vipi?

MwalimuKata

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mafunzo ya elimu ya fedha kwenye kata yetu, pembezoni mwa Morogoro mjini, na naomba mawazo ya wanaoifahamu kazi hii.

Makundi ni mawili. La kwanza ni wanafunzi 40 wa kidato cha tatu na cha nne, Jumamosi asubuhi. La pili ni watu wazima 25: mama lishe, wauza genge, mafundi cherehani na madereva bodaboda, Jumatano saa kumi jioni. Kila kundi lina vikao sita vya dakika 90. Vifaa ni ubao, karatasi za manila na kalamu, basi. Kwenye watu wazima wapo wasiosoma vizuri, ingawa kwenye kuhesabu pesa huwapati.

Mwongozo nilionao unaanza na "maana ya fedha", unaingia "malengo ya maisha", kisha "bajeti ya mwezi", na riba inakuja kikao cha tano. Nahofia mpaka hapo nusu watakuwa wameshaacha kuja. Kwa hiyo:

1. Nianze na nini, na vijana wapewe mpangilio tofauti na wazazi?
2. Riba naielezaje kwa mtu ambaye asilimia hazimwingii?
3. Kausha damu (mikopo ya rejesho la kila siku), kubeti na upatu nivifundisheje bila kuonekana nahubiri?
4. Nitajuaje kama wameelewa?

Daftari_la_Mapato

Mwalimu, kabla ya mada, badilisha muda. Saa kumi jioni ndipo genge linaanza kupata wateja wa mboga za usiku, na muuza nyanya hawezi kuwaacha wateja aje kusikiliza maana ya fedha. Mama lishe anamaliza vyombo vya mchana kama saa nane. Weka saa nane na nusu hadi saa kumi kamili, uone mahudhurio.

Mpangilio wa watu wazima ufuate maamuzi wanayokutana nayo wiki hii hii. Kikao cha kwanza: kutenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani. Cha pili: mkopo. Cha tatu: kalenda ya mwaka. Cha nne: simu na matapeli. Cha tano: kikundi cha kuweka na kukopa. Cha sita kiwe marudio, wiki nne baadaye na si wiki inayofuata, ili waje na kilichowashinda.

Kikao cha kwanza usifundishe uhasibu. Kuna utafiti wa Jamhuri ya Dominika uliochapishwa mwaka 2014, wa Drexler, Fischer na Schoar, ambapo wafanyabiashara wadogo walifundishwa kwa njia mbili: wengine uhasibu wa kawaida, wengine kanuni chache rahisi kama kuweka pesa ya biashara droo moja na ya nyumbani droo nyingine. Waliopewa kanuni rahisi ndio waliobadilisha namna ya kutunza hesabu zao. Kwa hapa kwetu droo ni pochi mbili, au laini mbili za simu.

Andika mfano mmoja mkubwa kwenye manila. Mama lishe ameuza 60,000. Mchele, nyama, mafuta na viungo 38,000. Mkaa 4,000. Kibanda 2,000. Boda wa kubeba mzigo 2,000. Jumla 46,000, imebaki 14,000. Hapo simama, uliza: hii 14,000 ni ya nani? Wengi watajibu "yangu". Halafu toa mshahara wake wa siku, tuseme 8,000, inaingia pochi ya nyumbani. Iliyobaki, 6,000, ndiyo faida ya biashara. Sasa uliza swali la pili: leo watoto na dada wa kazi wamekula sahani ngapi hapo kibandani? Wakisema tatu, na sahani ni 2,000, basi ile faida yote imeliwa na hakuna aliyeiandika. Usiwaambie waache kula. Waambie sahani hizo zihesabiwe kwenye mshahara wa mama, ili pochi ya biashara isitoboke.

Vitu vinavyosahaulika kila mara kwenye hesabu hizi ni mkaa, nauli, sahani za nyumbani na madeni ya wateja. Mteja aliyekopa si mauzo mpaka alipe.

Mkopo fundisha kwa maharage. Kilo moja inatosha meza tano. Punje moja ni shilingi 500. Chukua mkopo wa kausha damu wa aina inayojulikana: fomu imeandikwa 100,000, lakini 10,000 imekatwa palepale "ya fomu", mkononi kaingia na 90,000, na rejesho ni 4,500 kila siku kwa siku 30. Kila meza ipewe bakuli la mkopo lenye punje 180 na bakuli la nyumbani lenye punje 90. Wewe unataja siku: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila siku wanatoa punje tisa kwenye bakuli la mkopo. Siku ya 20 bakuli linakuwa tupu. Nyamaza kidogo, halafu endelea: ya 21. Watakuuliza watoe wapi. Kwenye bakuli la nyumbani. Wanamaliza siku ya 30 na hilo nalo ni tupu: 45,000 zimetoka mfukoni mwao wenyewe. Hakuna asilimia iliyotajwa, na riba wameiona.

Baada ya hapo ndipo unatoa kanuni: usiulize "rejesho ni kiasi gani kwa siku", uliza mambo matatu. Naingia mkononi na shilingi ngapi? Nitarudisha jumla shilingi ngapi? Nikichelewa siku moja inakuwaje? Wafanye mazoezi ya kuuliza kwa sauti, mmoja akiigiza afisa mikopo anayekwepa kujibu. Igizo hili usiliruke. Watu wengi wanaelewa hesabu vizuri, wanashindwa kufungua mdomo mbele ya mtu mwenye kompyuta.

Jambo moja la mkazo: usimwombe mtu ataje kipato chake au deni lake mbele ya wenzake. Tumia kaya ya kubuni, yenye jina la kubuni, kikao cha kwanza mpaka cha mwisho. Deni ni aibu, na aliyeaibika harudi.

Kalenda: chora miezi 12, na kila mtu abandike alama kwenye miezi ya pesa nyingi na miezi ya mzigo. Januari ni sare, madaftari na michango. Ada kwenye shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini hayo mengine yapo. Weka Idi, Pasaka, kilimo, na kodi ya chumba. Bajeti ya mwezi haina maana kwa mtu anayepata pesa kila siku, anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 60,000 kwa miezi sita ni 360,000. Ukigawa kwa wiki 26, ni kama 14,000 kwa wiki, au 2,000 kwa siku. Hiyo 2,000 ndiyo bajeti yake.

HesabuKidato

Nachangia upande wa vijana. Tofauti ipo, tena kubwa. Mtu mzima anafanya maamuzi ya pesa leo jioni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu bado hana cha kuamua zaidi ya pesa ya matumizi, bando na mkeka (tiketi ya kubeti). Ukimfundisha hatifungani leo, siku atakayopata mshahara itakuwa imeshatoka kichwani. Nenda na yale matatu, ongeza mshahara wa kwanza.

Mshahara wa kwanza ni somo wanalolipenda kuliko yote. Andika ubaoni mshahara wa msingi 700,000, sekta binafsi, mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo. Waulize ataondoka na ngapi. Kisha mkate pamoja:

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10: 70,000. Inabaki 630,000 ya kukokotolea kodi.
Kodi ya mapato, kwa viwango vya Julai 2021: 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, yaani 20,000, 110,000 zilizobaki ni asilimia 20, yaani 22,000. Jumla 42,000.
Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000.

Mkononi: 483,000. Hapo kodi ya chumba, nauli na kutuma nyumbani bado. Hakiki viwango kabla ya darasa, maana hubadilishwa kwenye bajeti ya Serikali mwezi Juni. Wanafunzi wengi wataona makato ni wizi. Eleza tofauti: ile 70,000 ni akiba yake, na mwajiri naye anaongeza, ile 105,000 ni deni linalopungua, ile 42,000 ni kodi. Makato matatu, kazi tatu tofauti.

Kubeti: sheria inakataza chini ya miaka 18, lakini mikeka wanaijua. Usiseme ni dhambi. Kila mwanafunzi awe na sarafu (sarafu tu, pasiwe na dau wala zawadi). Wote 40 wanasimama. Rusha, aliyepata kichwa anabaki amesimama, mwingine anakaa. Baada ya mara ya nne wanabaki wawili au watatu. Mkeka wa mechi nane unahitaji kusimama mara nane, na uwezekano ni 1 kati ya 256. Sasa odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda: mechi ya nusu kwa nusu ingestahili odi 2.00, kampuni inatoa mathalani 1.85. Zidisha 1.85 mara nane, unapata karibu 137. Kwa hiyo dau la 1,000 linalipa 137,000, lakini ili kumpata mshindi mmoja kwa wastani tiketi 256 zimenunuliwa, yaani 256,000. Ile pengo ya 119,000 ndiyo inayolipa mabango na matangazo ya redio.

Akitokea mmoja amebaki amesimama mpaka mwisho, usione zoezi limeharibika. Huyo ndiye anayewekwa kwenye tangazo. Rudia raundi sita, andika kila raundi waliobaki ni wangapi, na darasa litajionea.

Upatu wa kualika watu: kila mmoja alete sita. Waache wazidishe wenyewe: 6, 36, 216, 1,296, endelea. Hatua ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Na hatua tisa za mwanzo zimeshachukua zaidi ya milioni 12, kwa hiyo watu hawatoshi hata ukiandikisha vichanga. Wanaoumia daima ni ngazi ya mwisho, ambayo ndiyo yenye watu wengi kuliko ngazi nyingine zote zikijumlishwa. Watajie DECI ya 2009, upatu ulioanguka, iliyowaambia watu wapande mbegu wavune. Wazazi wao wanaikumbuka, waende wakaulize nyumbani.

KufuliTatu

Nakubaliana na @Daftari_la_Mapato kwa sehemu kubwa, ila kikundi usikiweke kikao cha tano. Watu wazima 25 tayari ni kikundi. Wakianza kuweka hisa kikao cha pili, mada zote nyingine zinafundishwa juu ya pesa halisi, na wanakuja kwa sababu sanduku la pesa za kikundi liko pale. Sharti ni wawe wamekubali wenyewe na kuandika katiba. Idadi nzuri ni 15 hadi 25. Zaidi ya hapo kikao kinachelewa, watu wanaanza kutuma hisa kwa mtoto.

Kwa wasiosoma utaratibu wa hisa umeshatatua tatizo. Hisa moja bei iliyopangwa, mathalani 2,000, mtu ananunua moja hadi tano kila wiki, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Mihuri inahesabika hata na asiyejua a, e, i. Mwisho wa kikao salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii linatajwa kwa sauti, wote wanalikariri, na kikao kijacho kabla kufuli hazijafunguliwa mtu yeyote anaulizwa: tulifunga na ngapi? Pesa zikitofautiana na kumbukumbu ya watu, hakuna kinachoendelea mpaka ijulikane kwa nini. Kufuli ni tatu, wenye funguo ni watatu, na hakuna kati yao anayelala na sanduku.

Vikundi hivi vipo kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, kwa hiyo wapeleke wakajisajili. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza.

Riba: hapa wengi wanachanganya, hata wakufunzi. Asilimia 10 kwa mwezi ina sura mbili. Mkopo wa 300,000 kwa miezi mitatu, mtaji unalipwa 100,000 kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, ni 30,000 mara tatu, jumla 90,000. Ikihesabiwa kwenye salio linalobaki, ni 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Tangazo ni lilelile, "asilimia 10", tofauti ni 30,000. Ile ya kwanza ukiipima kwa pesa aliyokuwa nayo kweli mkononi inakaribia asilimia 14.4 kwa mwezi. Wafundishe kuuliza: mwezi wa mwisho, nikiwa nimebakiza 100,000, riba ni ngapi?

Na waone riba ya kikundi inakwenda wapi. Mfano wa mgao, yaani kugawana pesa zote mwisho wa mzunguko: hisa zote za mzunguko 2,400 kwa bei ya 2,000 ni 4,800,000. Riba na faini zimeleta 720,000. Jumla 5,520,000 gawa kwa 2,400, kila hisa sasa ni 2,300. Aliyekopa sana na kuweka hisa chache amewalipa wenzake. Aliyeweka bila kukopa amelipwa. Wakishaona hivyo wanaacha kukopa kwa sababu tu ya "zamu yangu".

Makosa yanayoua vikundi: kukopesha zaidi ya mara tatu ya hisa za mtu, kuongeza muda wa deni kwa huruma bila kuandika, kuacha pesa nyingi kwenye sanduku karibu na mgao, na mgao kuangukia siku ambayo kila muuza vitenge anajua. Wiki mbili kabla ya mgao, kila mwanachama aseme au achore matumizi mawili ya pesa yake. Pesa isiyopangiwa haivuki Krismasi.

BintiLikoni

Hamjambo nyote. Huku Mombasa somo linalowashika watu ni mikopo ya simu, na nadhani hata huko yafaa lichukue kikao kizima.

Zoezi rahisi la kulinganisha. M-Shwari, mkopo wa simu wa huku Kenya, ilipoanza 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30: ukikopa 1,000 warudisha 1,075. Watu husema shilingi 75 si kitu. Waambie wahesabu mtu anayekopa tena kila mwezi kwa mwaka: ni 900 kwa elfu ileile moja. Kisha weka kando yake Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa Serikali ya Kenya ulioanzishwa Novemba 2022, asilimia 8 kwa mwaka: 1,000 kwa siku 14 ni shilingi tatu hivi za riba, ila mkononi waingia na 950 kwa sababu asilimia 5 yaenda kwenye akiba yako. Hapo somo ni kwamba asilimia haina maana mpaka utaje muda.

Kuhusu programu za mikopo za mitandaoni, waonyeshe ruhusa zinazoombwa wakati wa kusakinisha: orodha ya majina, jumbe, picha. Ruhusa ya majina ndiyo inayotumiwa kumtangaza mdaiwa kwa jamaa zake. Programu ya mkopo haihitaji kujua namba ya mama mkwe wako. Kwenu Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 majina ya programu 69 zisizo na leseni. Wafundishe kuangalia leseni kabla, si baada.

Pia wajifunze kusoma ujumbe wa muamala mstari kwa mstari: kiasi, jina la mpokeaji, ada, salio jipya. Walaghai hutuma ujumbe uliofanana, lakini salio lako halibadiliki. Kanuni ni moja: angalia salio kwenye menyu yenyewe, usiamini ujumbe.

MwalimuKata

Shukrani sana, wakuu. Nimehamisha muda wa Jumatano tayari. Mawili yamebaki. Kuna kampuni ya mikopo imejitolea kutoa fulana, maji na mkufunzi mmoja; nikubali? Na lile swali la kupima uelewa.

Daftari_la_Mapato

@KufuliTatu uko sahihi, sanduku lianze kikao cha pili.

Mwalimu, maji pokea kama yanatolewa bila masharti. Mkufunzi wao usimpokee, na fulana yenye nembo usiigawe siku ya somo la mikopo. Mtu aliyekuja kutafuta wateja hawezi kufundisha maswali yale matatu. Ukitaka mtu wa nje, ulizia wakufunzi wa elimu ya fedha waliothibitishwa na Benki Kuu.

Kwenye kikao cha simu ongeza vitu viwili vya hapa kwetu. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unapelekwa 15040 pamoja na namba ya tapeli. Na kila mtu apige *106# palepale kikaoni, aone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, asiyoijua akaifute. Wewe usishike simu ya mtu, wala usimruhusu yeyote ataje namba ya siri kwa sauti.

Kupima: wengi hutoa maswali matatu ya Lusardi na Mitchell, kuhusu riba, kupanda kwa bei, na kutoweka pesa yote mahali pamoja. Yanafaa kujua wanaanzia wapi. Mfano: ukiweka 100,000 benki kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka bila kuigusa, baada ya miaka mitano utakuwa na zaidi ya 108,000, 108,000 kamili, au pungufu? Lakini kujibu vizuri si kubadilika. Uchambuzi wa Fernandes, Lynch na Netemeyer wa 2014 ulikusanya tafiti nyingi na kukuta mafunzo ya fedha yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za mwenendo wa watu, na athari yake inafifia miezi inavyopita. Ndiyo maana tunasisitiza somo likae karibu na uamuzi: somo la makato kwa kidato cha nne, na lirudiwe kabla hawajajaza fomu za mkopo wa chuo, la kodi ya chumba, miezi mitatu kabla ya kodi.

Pima matendo. Wiki ya nane baada ya kuanza, uliza mmoja mmoja, pembeni, mambo manne ya ndiyo au hapana. Una pochi au laini mbili? Jana ulijilipa mshahara? Mara ya mwisho kukopa uliuliza jumla ya kurudisha? Una chochote ulichotenga kwa kodi? Wasiosoma waweke punje kwenye kopo la ndiyo au la hapana. Ukikuta swali la pili lina "hapana" nyingi, usirudie somo zima. Rudi kwenye ile manila ya 60,000, uifanye upya kwa bei za wiki hiyo.